Vidole Vinne vya Nchi

Mbarouk alipoitwa kufunga televisheni ishirini kwenye ukuta mmoja, aliwaambia jirani zake wa Kiponda kuwa ni mia mbili. Hakuna aliyeshtuka. Mtaa mzima ulikuwa na hesabu yake: neno la Mbarouk hugawanywa kwa kumi, kinachobaki huachwa kikalala, na asubuhi kikiamka bado kizima ndipo huulizwa mtu wa pili. Alikuwa na miaka sabini na miwili, amestaafu ufundi wa televisheni ambao hakuusomea popote. Aliujua kwa kufungua na kufunga, na kwa kurushwa na umeme mara ambazo yeye mwenyewe alisema ni elfu moja na sita. Ndiye aliyedai kuwa alipofungua televisheni ya mtu mmoja wa Kikwajuni alimkuta chura amekaa nyuma ya kioo, anafuatilia taarifa ya habari, na kila ikitangazwa mvua chura anaitika, "Naam." Alipoulizwa chura yuko wapi sasa, alijibu kuwa alihama, picha zilipoanza kuwa za rangi zilimuumiza macho.

Aliyemwita safari hii ni Rukaiya, mhandisi kijana wa kituo cha kuchunguza maji ya chini ya ardhi, kilichopanga orofa ya juu ya nyumba kongwe palepale Kiponda. Televisheni zilitoka katika hoteli moja ya Mbweni iliyofunga milango. Kila moja ilikuwa imetazamana na kitanda cha mgeni kwa miaka kumi, na zilikuwa za mtindo wa zamani, fremu zake nene, vidole viwili kila upande. Rukaiya aliziomba zote. Alitaka zipangwe nne kwa upana na tano kwa urefu, ziunganishwe na kompyuta tano zilizowekwa chumba cha pili, zote pamoja zionyeshe picha moja.

Mbarouk alimuuliza kwa nini wasinunue televisheni moja kubwa wakastarehe. Rukaiya akamweleza kuwa kwenye kioo kimoja unachagua: ama unaona nchi yote na visima vyake huvioni, ama unakiona kisima na hujui kipo wapi. Vioo ishirini vina nukta nyingi mno za picha. Mtu akikaa nyuma anaiona nchi, akisogea mbele anasoma jina la kisima. Halafu, alisema, mbele ya ukuta kama ule watu kumi wanaweza kusimama wakabishana juu ya picha moja, kila mtu na kidole chake, badala ya kila mtu kuinamia kompyuta yake na kuja na jibu lake.

Chumba kilikuwa cha boriti, chembamba na kirefu, na ukuta wake wa mwisho wa mawe na chokaa ulikuwa umebonyea hapa, umevimba kule. Mbarouk alikaa nao wiki mbili, na timazi, na vipande vya mbao vya kutia nyuma ya vyuma. Alipomaliza, ungeweza kupitisha uzi kutoka kona hadi kona na usiguse kitu. Mtaani alisema aliunyoosha ukuta kwa kuuimbia.

Siku ya kwanza kuziwasha, Rukaiya aliweka picha ya mwambao iliyopigwa kutoka angani. Kila ilipofika ukingoni mwa kioo picha ilikatika, ikaruka fremu, ikaendelea ng'ambo ya pili. Hakikupotea kitu, lakini barabara iliyonyooka ilivunjika kama mguu na pwani ikawa na nyufa kama sahani iliyogangwa. Mbarouk alikunja uso. Maisha yake yote watu walimwita nyumbani kwao ili picha ikae sawa, na yeye hakuondoka mpaka ikae sawa. Alisema kazi kama ile hawezi kuitia jina lake.

Rukaiya akamwambia ipo njia ya pili. Picha inaweza kupita nyuma ya fremu, kama mtu anayetazama njia kupitia dirisha la nondo. Mistari itanyooka.

"Lakini kitakachokuwa nyuma ya fremu hakitaonekana, Ami," alisema. "Kwenye kompyuta kipo. Kiooni hakipo."

"Kitu gani, mwanangu, vidole vinne tu. Mtu akipita nje nondo ikamziba pua, utasema hana pua?"

Rukaiya alicheka akabonyeza. Pwani ikajiunga. Barabara zikapita nyuma ya fremu zikatokea upande wa pili zimenyooka, na Mbarouk akakubali kuwa sasa ni kazi. Tangu siku hiyo akawa anakuja kila baada ya alasiri, eti kukagua skurubu. Ukweli ni kwamba alikaa kiti cha nyuma kabisa akaitazama nchi. Kutoka kule haikuwa na mtu hata mmoja. Alizoea kuwaona watu kwa karibu, majumbani mwao, televisheni zimekufa na watoto wamenuna. Alishangaa jinsi kisiwa kinavyokuwa kimya mtu akikaa mbali nacho, na jinsi inavyokuwa rahisi kusema, chimbeni shimo pale.

Kazi yenyewe ya ukuta ilikuwa ramani ya maji. Kutoka Kidichi, kwenye mashamba ya viungo, kushuka mpaka Chukwani kulikuwa na visima mia na arubaini, na kila kisima kilikuwa na mtu wake aliyefundishwa kushusha kamba ya kupimia kina na kuleta chupa moja ya maji kila mwezi. Mtu wa Kisima cha Mtondoo, Chukwani, alikuwa Bi Mayasa. Na Bi Mayasa alikuwa mtalaka wa Mbarouk.

Walikaa miaka tisa. Hawakugombana. Siku moja mwanamke alikunja nguo zake, na alipoulizwa na wakubwa ana lalamiko gani, alisema amechoka kwenda kuwauliza jirani kama aliyoambiwa na mumewe ni ya kweli. Hiyo ilikuwa miaka ishirini na sita nyuma. Sasa kila mwezi alipanda ngazi za Kiponda na chupa yake ameifunga katika upande wa kanga, akatoa salamu kwa wote waliokuwamo, Mbarouk akiwa mmoja wa hao wote, akakabidhi, akateremka. Chupa kumi na mbili, hakukosa hata mwezi wa masika.

Kaya arubaini zilikunywa kisima kile. Maji yake yalikuwa matamu kwa sababu ya ajabu ndogo ya nchi yetu: maji ya mvua hukaa chini ya ardhi juu ya maji ya bahari, kama mafuta juu ya mchuzi, na ukiteka kwa ndoo hayachanganyiki. Ukileta pampu kubwa karibu, ikanyonya usiku na mchana, bahari hupanda. Kisima kikishatiwa chumvi hakirudi katika umri wa mtu. Kwa hivyo wataalamu walijiwekea sharti: shimo la pampu lisichimbwe ndani ya kilomita moja na kisima chochote kinachotumiwa na watu. Kwenye ukuta wa Mbarouk kilomita moja ilikuwa nusu shubiri.

Siku ya kuamua ilipofika, chumba kilijaa. Walikuwepo wajumbe saba wa kamati, watu wa visima, na Dokta Mahfoudh, mkuu wa kituo, mtu mpole mwenye haraka. Mtambo wa kuchimbia ulikuwa umeshafika bandarini na kesho yake ungepandishwa gari. Ilibaki kutia saini mahali pa kuchimba. Rukaiya alikuwa chumba cha pili na kompyuta zake, mlango umefungwa kwa ajili ya joto, na kutoka kule ukuta wenyewe haukuonekana. Mbarouk alipewa kiti karibu na swichi.

Kabla ya kuanza, Dokta Mahfoudh aliwaonyesha wageni ukuta, akamtaja Mbarouk kwa jina, akasema tazameni, picha haina ufa hata mmoja. Wageni wakampigia makofi. Mbarouk hakuweza kujizuia. Akawaelezea jinsi alivyoupima usawa wa televisheni kwa kuwaweka siafu watembee juu ya fremu, na walivyokwenda mstari mmoja kama askari wa gwaride. Walicheka sana. Kwa kweli alikuwa na furaha siku ile kuliko siku nyingi.

Kisha Dokta Mahfoudh akaonyesha duara jekundu alilolichora mwenyewe kwa kuutazama ukuta, kusini, karibu na Chukwani. Alisema mahali pale maji ni mengi, barabara ipo, na kisima cha karibu kabisa kipo zaidi ya shubiri nzima. Akapima kwa mkono wake, watu waone. Wajumbe walioketi nyuma walitikisa vichwa kukubali. Kutoka kule nyuma palionekana peupe, hapana kitu.

Bi Mayasa hakuketi nyuma. Alikuwa ameinuka pole pole, ameukaribia ukuta mpaka mwangaza wake ukampaka rangi ya kijani usoni, akiitafuta nyumba yake kama mtu anayetafuta jina la mwanawe kwenye orodha ya waliofaulu. Aliiona barabara, akauona msikiti. Akafuata njia kwa kidole kutoka msikitini, hatua kwa hatua, kidole kikafika kwenye fremu kikasimama.

"Kisima chetu hakipo," alisema.

Dokta Mahfoudh alimjibu kwa adabu. Alisema baadhi ya vipimo viliondolewa kwa kuwa havikuwa sahihi, pengine kamba ilishikwa vibaya, si kosa lake, inatokea. Bi Mayasa akasema yeye kaleta chupa kumi na mbili na kila mara karatasi ilitiwa saini mbele yake. Mjumbe mmoja akauliza, kwa sauti ya chini iliyosikika chumba kizima, kama bibi ana hakika chupa hazikujazwa bombani. Wawili watatu wakacheka. Bi Mayasa alirudi kwenye kiti chake, akaifunga kanga yake vizuri kichwani.

Mbarouk alikuwa akikitazama kidole kile, wala si mwenye kidole. Kilisimama pale ambapo televisheni nne zilikutana pembe kwa pembe, ambapo fremu zilikuwa nyingi kuliko mahali pengine popote. Akajua hapo hapo. Hakuhitaji kompyuta kumwambia. Yeye ndiye aliyeichagua njia ile, mbele ya mtu aliyemwonya, ili pwani isiwe na nyufa. Kisima cha Mtondoo kilikuwa nyuma ya kazi yake nzuri, pamoja na nyumba arubaini, na kutoka pale mpaka duara jekundu hapakuwa hata na upana wa kiganja.

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Makofi yalikuwa bado yana joto masikioni. Dokta Mahfoudh alishatoa kalamu.

Mbarouk akasimama. "Kisima kipo," alisema. "Kipo nyuma ya fremu."

Chumba kizima kilimgeukia kwa furaha, kama watoto walioahidiwa halua. Mjumbe yule yule akamuuliza kisima kimejificha jua, au siafu wamekibeba. Vicheko vikaenda mpaka kwenye ngazi. Mbarouk alifungua mdomo aeleze, na kila neno aliloliokota lilikuwa limeshatumika: wallahi alikwisha kuiapia kwa ajili ya chura, na "sikilizeni ndugu zangu" ndivyo zilivyoanza hadithi zake zote. Alimtazama Bi Mayasa. Yeye peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamisha macho, kama mke anayeona aibu kwa niaba ya mume ambaye si wake tena.

"Mzee Mbarouk," Dokta Mahfoudh alisema, naye anatabasamu, "hiyo utatupa wakati wa chai."

Mbarouk hakuketi. Alipita kati ya viti, akafungua mlango wa chumba cha pili, akaufunga nyuma yake. Rukaiya alikuwa amekaa mbele ya kompyuta zake na feni ndogo inayompepea shingo.

"Isogeze ramani vidole vinne," alimwambia. "Chini na kulia."

Rukaiya akamwambia haiwezekani sasa hivi. Akiisogeza, vioo vyote vitazimika na kurudi kimoja kimoja, na kamati nzima imekaa inatazama. Akamuuliza kuna nini, akimkazia macho kama watu wote walivyozoea kumkazia, kutafuta pembe ya mdomo inayotaka kucheka.

"Nimekificha kisima cha watu."

Rukaiya alisubiri kinachofuata. Hakikufuata kitu. Ukimya ule ndio uliomtisha. Aligeukia kompyuta, akatafuta kisima nambari mia na kumi na saba, akakiona kipo, na chupa zake kumi na mbili, zote sahihi. Akafunga macho kidogo. "Nilikwambia, Ami," alisema, kwa sauti ndogo. Kisha akabonyeza.

Kule nje ukuta ulizimika. Televisheni ishirini nyeusi, na ndani yake watu wote wakajiona wameketi, na viti vyao na bahasha zao. Mtu akasema umeme umekatika. Dokta Mahfoudh akaanza kuomba radhi, kisha kioo cha kwanza kikawaka, juu kushoto, mashamba ya Kidichi. Halafu cha pili, halafu cha tatu, nchi ikiteremka kipande kwa kipande, bila haraka yoyote. Safu ya chini ilikuja mwisho. Ilipowaka ya Chukwani, kulikuwa na nukta ndogo ya buluu, paa arubaini zilizobanana, na maandishi ambayo kutoka nyuma hayakusomeka.

Bi Mayasa alikuwa ameshafika ukutani. Aliweka kidole juu ya nukta, akasoma kwa sauti: "Kisima cha Mtondoo. Maji matamu." Kidole kingine akakiweka kwenye ukingo wa duara jekundu. Alifanya hivyo kwa mkono mmoja, bila kuukunjua sana.

Rukaiya alikuwa ametoka, amesimama mlangoni, na akaanza kueleza kuwa ni hitilafu ya mpangilio wa mfumo. Dokta Mahfoudh akauliza nani aliupanga hivyo.

"Mimi," Mbarouk alisema. "Niliambiwa kitu kitapotea. Nilitaka picha nzuri."

Aliketi. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimsumbua kuliko kama wangecheka, kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake.

Kalamu ilirudi mfukoni. Dokta Mahfoudh alipiga simu bandarini kuwa mtambo ungoje, kisha akafanya jambo lililomfanya Mbarouk amheshimu: alikwenda kwa Bi Mayasa, mbele ya wote, akamwomba radhi kwa maneno ya kamba kushikwa vibaya. Mjumbe wa bomba alipata kazi ya kutazama viatu vyake.

Mkutano uliokuwa uishe saa nne ulikwenda mpaka adhana ya alasiri. Kila mtu sasa alitaka kujua nyuma ya fremu ya kwao pana nini. Walitoka kwenye viti wakajazana mbele, wajumbe na watu wa visima bega kwa bega, huyu anasema sogeza kushoto, huyu anasema kwanza hapa. Vilitoka visima vitatu vingine na skuli moja. Likatoka shamba zima la mikarafuu la Kidichi, ambalo mwenyewe alikuwa ameketi safu ya mbele tangu asubuhi na hakuona kuwa halipo. Alitazamwa sana, maskini. Ilipofika zamu ya mwisho, Rukaiya aliirudisha ramani kwenye ile njia ya kwanza, ya picha kukatika, pwani ikajaa nyufa zake zote mbele ya macho ya Mbarouk. Mahali pa kuchimba palibaki pa kutafutwa upya. Bi Mayasa alitakiwa arudi wiki ijayo kukaa na kamati, akasema atatazama kama ana nafasi.

Mbarouk alikuwa ametangulia kutoka, amekaa kwenye ngazi. Watu walimpita wakiteremka, wengine wakamgusa bega. Bi Mayasa alikuja nyuma yao wote. Alipofika kwake alisimama, ngazi moja juu yake.

"Leo umesema maneno machache," alisema. "Unaumwa?"

"Goti," alisema Mbarouk. "La kushoto. Nikipanda ngazi."

Bi Mayasa alingoja. Alingoja kwa muda mrefu kidogo, mkono kwenye ukuta, mtu anayejua kuwa sasa litatajwa jini, au papa, au daktari wa kutoka Bombei. Mbarouk alikuwa nao wote watatu, tayari, kwenye ncha ya ulimi. Akalisugua goti.

"Likande kwa mafuta ya nazi," Bi Mayasa alisema. "Yapashe moto kwanza."

Akateremka. Mbarouk alizisikiliza ndara zake mpaka mlango mkubwa wa chini ukafungwa. Kisha akajishika ukutani, akainuka, akapanda tena juu, polepole, kwa sababu televisheni ishirini zilikuwa bado zinawaka na Rukaiya alikuwa peke yake.